Arusha ilipotengeneza dawa



Kamati yetu ya msikiti ina mfuko mdogo wa wagonjwa. Kila Ijumaa hupitishwa bakuli baada ya swala, na kinachopatikana hulipia dawa za watu walioandikiwa na daktari lakini wakashindwa kuzinunua. Kwa kuwa katibu ndiye mwenye jalada, nimejiwekea desturi ya kubana kipande cha boksi la dawa pamoja na risiti yake, ili mhazini aone kilichonunuliwa na si bei peke yake. Ukilifungua jalada hilo mwisho wa mwaka utadhani unasoma kitabu cha jiografia: India, India tena, China, Kenya, Misri, kisha India. Dar es Salaam hujitokeza hapa na pale, hasa katika vidonge vya maumivu na dawa za maji za watoto. Arusha haimo.

Kwa kijana wa leo hilo si ajabu. Arusha kwake ni mji wa watalii, wa mikutano na wa kahawa. Wazee wetu, hata hivyo, wanakumbuka kwamba chini ya Mlima Meru palikuwa na kiwanda cha dawa, Tanzania Pharmaceutical Industries, ambacho wengi walikijua kwa herufi zake tatu tu, TPI. Kilikuwa kimoja kati ya viwanda viwili vya dawa vilivyomilikiwa na umma. Kingine kilikuwa Keko, Dar es Salaam. Ni matunda ya zama zile ambapo Serikali iliamini kwamba nchi huru haipaswi kutegemea wengine kwa tairi, kwa kitenge wala kwa kidonge, zama za General Tyre na Kiltex. Ulipoingia ubinafsishaji katika miaka ya 1990, sehemu kubwa ya hisa za TPI iliuzwa kwa wawekezaji binafsi, Serikali ikabaki na sehemu iliyosalia.

Nimeona tukitazame kisa cha kiwanda hicho kwa utulivu, kwani ndani yake limo jibu la swali ambalo husikika misibani, hospitalini na hata kwenye baraza za kahawa: imekuwaje nchi yenye wasomi, ardhi na wagonjwa wengi kama yetu iagize kutoka nje sehemu kubwa mno ya dawa zake? Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni asilimia 80 au zaidi.

Katikati ya miaka ya 2000 alifika Arusha mfamasia wa Kithai, Krisana Kraisintu. Kwao Thailand alikuwa mtafiti katika shirika la dawa la serikali, na ndiye aliyeongoza kazi ya kuunganisha dawa tatu za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI katika kidonge kimoja ambacho gharama yake ilikuwa kiasi cha dola 1 kwa siku. Mwaka 2002 aliacha kazi yake akaja Afrika. Alianzia Bukavu, mashariki ya Kongo, katika kiwanda cha Pharmakina ambacho kwa miongo mingi kimekuwa kikitengeneza kwinini kutokana na magome ya mkwinini wa milima ya huko. Vita vilikuwa bado havijatulia, lakini mwaka 2005 kiwanda hicho kikaanza kutoa ARV zake chenyewe. Hapa Arusha aliwasaidia wataalamu wa TPI kutengeneza dawa za malaria za artesuneti, zikiwamo za kuingizwa njia ya haja kubwa kwa watoto wadogo ambao homa imewazidi hata hawawezi kumeza. Mama aliyewahi kukaa na mtoto wa namna hiyo usiku, kijijini, mbali na zahanati, anaijua thamani ya dawa hiyo bila kuelezwa.

Baada ya hapo ikaja ndoto kubwa zaidi. Nchi ilikuwa imeanza mwaka 2004 kutoa ARV bila malipo, na karibu zote zilitoka nje. Shirika la Kijerumani la action medeor, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, liliungana na TPI kujenga hapa Arusha jengo jipya la kutengenezea dawa hizo kwa viwango vya kimataifa. Kidonge cha Arusha kilichounganisha dawa tatu kiliitwa TT-VIR. Kwa muda, basi, ndugu zetu wanaoishi na virusi, ambao nao wamo katika safu zetu za swala ingawa aghalabu hatuwajui, waliweza kumeza dawa iliyotengenezwa nchini mwao.

Mwezi Agosti 2012, katika hospitali ya wilaya ya Tarime mkoani Mara, wakaguzi wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa waliitilia shaka bechi moja ya TT-VIR 30. Ilipochunguzwa ikatangazwa kuwa ni bandia. Ilikwishasambazwa kupitia Bohari ya Dawa, na maelfu ya makopo ikabidi yakusanywe kutoka vituo vya afya. Oktoba mwaka huo Serikali ilisimamisha uzalishaji wa kiwanda, na baadhi ya watendaji wa Bohari wakasimamishwa kazi. Nani alifanya nini, na kama bechi ile ilitoka kweli ndani ya kuta za kiwanda au kwingineko, hayo yalikuwa ya vyombo vya sheria na mahakama, na mimi siyarudii hapa. Ninaloliangalia ni lingine.

Jambo lenyewe ni kwamba mgonjwa hana mizani yake mwenyewe. Anayenunua sukari ataionja, anayenunua kitambaa atakivuta kwa vidole vyake, na hata muuza nyama pale Soko Kuu hujua kwamba mteja anaona. Kidonge hakina dirisha. Mtu aliyefungua kopo lile la mwaka 2012 hakuwa na njia yoyote ya kujua kilichomo. Alimeza kwa kuamini maandishi ya nje. Aliyeambiwa baadaye kwamba huenda dawa yake haikuwa dawa aliachwa na hofu ambayo tangazo la redioni haliwezi kuiondoa, na ARV ni dawa ambazo ukizikatiza virusi hupata nafasi ya kujifunza kuzishinda. Hii ndiyo maana halisi ya amana, nasi tunaolitumia neno hilo kila siku mimbarini tunapaswa kuwa wa kwanza kuuona uzito wake katika jambo hili. Kiwanda cha dawa, tofauti na kiwanda cha tairi, kinauza amana kwanza, kisha ndipo kinauza vidonge. Amana hiyo ikitikisika, mashine zikiwa nzima na wataalamu wakiwa wapo, uzalishaji husimama.

Mwaka ule ule una jambo jingine la kusikitisha. Mwezi Machi 2012, hapa hapa Arusha, yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulizinduliwa mpango wa kuoanisha usajili na ukaguzi wa dawa katika nchi wanachama. Mwezi huo wakubwa walikuwa wakipiga picha ukumbini. Miezi saba baadaye kiwanda cha dawa cha mji uliowakaribisha kikafungwa mdomo.

Wapo watakaosema kwamba kisa hiki kinathibitisha kuwa sisi hatuwezi. Hoja hiyo siikubali, na ushahidi wa kuipinga uko Kisongo, jirani na uwanja mdogo wa ndege. Kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa ujuzi uliotolewa na kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani, wa kwanza wa aina yake kuhamishiwa barani Afrika. Wenye umri wangu na zaidi watakumbuka pakiti za ngao, zile dawa tulizochanganya na maji kwenye beseni na kuchovya chandarua, kazi ambayo kila nyumba iliikusudia na nyumba chache ziliikumbuka kwa wakati. Katika Olyset dawa huchanganywa na plastiki kabla uzi haujavutwa, kisha hutoka kidogo kidogo kwa miaka, na kuchovya hakuhitajiki tena. Kazi hiyo ilikua hadi kuajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na kutoa mamilioni ya vyandarua kila mwaka. Mwezi Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alipofika Arusha alipelekwa huko kukiona.

Chandarua si kidonge, najua. Hata hivyo ni kifaa cha tiba kinachopaswa kupimwa na kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kabla hakijanunuliwa kwa wingi, na mtu wa kawaida hawezi kujua kwa macho kama dawa imo au haimo. Kwa nini basi Kisongo pakastawi? Kwa maoni yangu sababu kubwa ni mnunuzi. Kulikuwa na Hati Punguzo za wajawazito tangu 2004, kukafuata kampeni za kugawa vyandarua kwa kaya zote, na nyuma yake palikuwa na Mfuko wa Dunia na wafadhili wengine waliojua miaka kadhaa mbele watahitaji vyandarua vingapi na watalipa kwa fedha gani. Mwenye kiwanda akiwa na oda ya namna hiyo anaweza kununua mashine, kufundisha wafanyakazi na kumlipa mkaguzi wake wa ndani mshahara wa kumfanya asishawishike. Asiye na oda huishi kwa zabuni moja hadi nyingine, na mtu anayeishi hivyo hushawishika kupunguza gharama pale ambapo hakuna anayeona.

Upande mwingine wa mlima tulipata funzo la kinyume. Mmea wa artemisia, ndugu wa ile pakanga wanayoijua bibi zetu, ulianza kulimwa katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro miaka ya 1990. Asili yake ni China, na kutokana nao mwanasayansi Tu Youyou alipata mwaka 1972 dawa ya malaria iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa za mseto mwaka 2001, na nchi moja baada ya nyingine kuzikubali, sisi tukianza kuzitumia rasmi mwishoni mwa 2006, mahitaji yalipaa ghafla. Kufikia mwaka 2005 kilo moja ya artemisinini iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kila mwenye kipande cha ardhi kutoka China hadi Afrika Mashariki akapanda, na mwaka 2007 bei ikaanguka hadi kiasi cha dola 200. Wakulima waliong'oa mahindi wakapanda artemisia wanaijua hadithi hiyo kuliko mimi.

Tazama pia safari ya jani lenyewe. Lilikaushwa huku kwetu, likapakiwa kwenye lori, likavuka Namanga hadi Athi River nchini Kenya ambako lilikamuliwa kiini chake, kiini kikapelekwa mbali kutengenezwa vidonge, na vidonge vikarudi kwetu katika pakiti za rangi zenye picha ya kumwelekeza mama namna ya kumpa mtoto dozi. Katika msafara huo mrefu sisi tulikuwa mwanzoni kwa jasho na mwishoni kwa homa; thamani iliongezeka katikati, ambako hatukuwapo.

Je, kuna nchi ya hali kama yetu iliyovuka? Ipo, na ni nchi ya ndugu zetu. Bangladeshi ilipopata uhuru mwaka 1971 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na soko lake la dawa lilikuwa mikononi mwa makampuni ya nje. Mwaka 1982, kwa ushawishi mkubwa wa daktari Zafrullah Chowdhury, ilipitisha sheria ya dawa ambayo iliondoa sokoni dawa zaidi ya 1,700 zilizoonekana hazina faida au zina madhara, ikadhibiti bei za dawa muhimu, na ikaziachia kampuni za ndani utengenezaji wa dawa rahisi. Makampuni makubwa yalilalamika, balozi nazo zikaingilia, lakini sheria ikabaki. Leo inatajwa kwamba Bangladeshi hujitengenezea takriban asilimia 97 ya dawa inazozihitaji. Malighafi nyingi bado hununua India na China, kwa hiyo tusiseme imejitegemea kwa kila kitu. Hata hivyo hiyo ni safari ya miaka 40 isiyokatizwa, na sera haikugeuzwa kila alipobadilishwa waziri.

India nayo haikuzaliwa na viwanda. Cipla, ambayo jina lake limo mara nyingi katika lile jalada langu, ilianzishwa Bombay mwaka 1935 na Khwaja Abdul Hamied, mkemia Mwislamu aliyesoma Ujerumani. Sheria ya India ya mwaka 1970 iliwaruhusu watengenezaji wake kutengeneza kwa njia zao wenyewe dawa zilizokuwa na hataza kwingineko, na hali hiyo ikadumu hadi 2005. Mwaka 2001 mwanawe, Yusuf Hamied, alijitokeza kuuza mseto wa ARV kwa chini ya dola 1 kwa siku, wakati makampuni ya Magharibi yaliuza kwa maelfu ya dola kwa mwaka. Sisi nasi mlango huo tunao: Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania imo, ruhusa ya kutobanwa na hataza za dawa hadi Januari 2033. Uganda wameutumia. Kiwanda cha Luzira, Kampala, kilichofunguliwa mwaka 2007 kwa ubia na Cipla hiyo hiyo, hutengeneza ARV na dawa za mseto za malaria zilizothibitishwa na Shirika la Afya Duniani, na kilianza kikiwa na ahadi ya serikali yake kwamba itanunua. Sisi ruhusa hiyo tumeiweka kabatini, na miaka inakwenda.

Yanayomkwamisha mtengenezaji wetu si siri. Kiini cha dawa, yaani ile sehemu inayotibu, hukinunua ng'ambo kwa fedha za kigeni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, bechi nzima yaweza kuharibika. Maji ya bombani hayafai mpaka yasafishwe kwa mitambo yake mwenyewe. Mtaji huukopa kwa riba, balaa ambalo wasomaji wa safu hii hawahitaji kuelezwa. Kwa miaka mingi viwanda vya Afrika Mashariki vimelalamika kwamba dawa iliyokamilika huingia nchini bila ushuru, huku chupa, vizibo na vifungashio vyao wao vikitozwa kodi. Serikali yetu imeweka upendeleo wa hadi asilimia 15 kwa dawa za ndani katika zabuni, na ni jambo jema. Lakini mwenye kiwanda anayelipwa kwa kuchelewa sana upendeleo huo humezwa na gharama za mkopo wake. Ningekuwa na sauti bungeni ningeomba alipwe kwa wakati kabla ya kuomba apendelewe.

Sasa nije kwenye swali la nyumbani. Baada ya darsa ya akina mama hivi karibuni, mama mmoja alinisimamisha uani.

"Ustadh," akasema, "wewe unatusihi tuthamini vya kwetu. Mtoto wangu akikohoa, nichukue dawa ya maji ya hapa au ya nje?"

"Mama, ungependa nikujibu kwa uzalendo au kwa mtoto?"

"Kwa mtoto."

Kwa mtoto, jibu ni kwamba jina la nchi kwenye boksi si kinga. Mwaka 2022 nchini Gambia, nchi yenye Waislamu wengi na maskini kama sisi, watoto wasiopungua 66 walihusishwa na vifo vya kuharibika figo baada ya kunywa dawa za maji kutoka India zilizokuwa na kemikali yenye sumu, ile ambayo hutumika kwenye breki na rejeta za magari. Dawa ilikuwa ya nje, boksi lilikuwa zuri, na Gambia haikuwa na maabara ya kuipima. Wazazi wale hawakukosea lolote. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kabla dawa haijafika dukani. Hapa kwetu mtu huyo yupo: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, mrithi wa ile iliyogundua bechi ya Tarime. Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa mamlaka ya kwanza barani Afrika kufikia daraja la tatu la ubora wa udhibiti wa dawa. Nikamwambia mama yule atazame kama duka lina kibali na mfamasia au muuzaji aliyefunzwa, kama dawa imesajiliwa, kama kizibo hakijafunguliwa na tarehe haijapita, adai risiti, na asinunue dawa sokoni juu ya turubai hata iwe ya Uswisi. Akiona mtoto amebadilika baada ya kunywa, aipeleke chupa kituo cha afya pamoja na mtoto, kwani namba ya bechi iliyoandikwa juu yake ndiyo inayomwezesha mkaguzi kuzitafuta chupa nyingine.

Na hapa niseme jambo ambalo huenda wapenzi wa viwanda vya ndani hawatalipenda. Tukio la 2012 lilikuwa pigo kwa Arusha, lakini lilikuwa pia ushahidi kwamba mkaguzi alikuwa kazini. Nchi isiyo na mkaguzi haipati kashfa, inapata makaburi. Tukitaka kiwanda kirudi, tusiombe alegezewe kamba kwa sababu ni mwenzetu.

Dada zetu huuliza pia kuhusu vidonge vya maganda laini, kama jelatini yake ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Wanavyuoni wameeleza hukumu za dharura na mabadiliko ya asili ya kitu, na mgonjwa asiache dawa aliyoandikiwa kwa shaka aliyoipata barabarani. Amuulize mfamasia, kisha amuulize mwanachuoni. Ninachokiona mimi kama katibu ni kwamba swali hilo tunaliuliza kwenye kaunta, kwa muuzaji ambaye hajui jibu, kwa kuwa aliyechagua ganda lile yuko maelfu ya maili. Maganda ya jelatini ya ng'ombe yapo, na ya mimea yapo. Kiwanda kilicho karibu kinaweza kuulizwa, kikajibu, na kikabadilika. Nchi ya wafugaji kama yetu ingeweza hata kuuza jelatini hiyo.

Yote haya yanarudi kwenye mnunuzi, na wakati huu mnunuzi ni sisi. Mwezi Machi 2020, korona ilipoanza, India ilizuia kwa muda usafirishaji wa viini na dawa 26, parasetamoli ikiwamo, kwa kuwa kila nchi hujilisha kwanza. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na watu waliozoea kupata ARV bila kuuliza nani analipa wakaanza kuuliza. Oda za wafadhili ziliikuza Kisongo, lakini hatuwezi kupanga miaka 20 ya viwanda vyetu juu ya fedha inayoweza kukatwa kwa sahihi moja ng'ambo. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mazungumzo mengi yamekuwa juu ya kiasi cha mchango, na ni haki, kwani kaya nyingi za hapa kwetu hazina kipato cha mwezi. Lakini nchi yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, ikiwa kila mmoja ana kadi, inajua mwezi Januari itahitaji dawa ngapi za shinikizo la damu mwezi Desemba. Hiyo ndiyo oda ambayo TPI haikuwahi kuwa nayo: mkataba wa miaka mitatu au mitano, unaolipwa kwa wakati, unaovunjwa pindi bechi moja ikifeli. Wawakilishi wetu watakapopita mitaani kuinadi bima, tuwaulize habari ya mchango, na tuwaulize pia kama dawa za bima hiyo zitanunuliwa kwa mikataba ya namna hiyo.

Wataalamu nao wapo. Moshi, mwendo usiofika saa mbili kutoka hapa, Chuo cha Famasia cha Kilimanjaro kimekuwa kikitoa mafunzo ya juu ya utengenezaji wa dawa viwandani kwa wafamasia wa nchi mbalimbali za Afrika, wakiwa na mashine za kukandamiza vidonge mbele yao na si vitabu pekee. Wazazi wenye watoto waliofaulu kemia, ambao kila mmoja anataka wake awe daktari, walifikirie hilo. Binti mmoja aliyemaliza famasia aliniuliza mwezi uliopita, akimaliza mafunzo hayo ataajiriwa wapi. Nilimtajia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Alikuwa amekwishaziandika zote tatu kwenye daftari lake.

Wiki ijayo, inshaallah, safu itarejea kwenye maswali yenu ya mirathi, ambayo yamelundikana tangu Ramadhani. Mwenye swali alete kwa maandishi ofisi ya msikiti baada ya Alasiri.